Waridi Hafifu

Msumari wa mwisho ulitoka ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mfuniko wa sanduku ukaruka. Darasa zima likasogea mbele kwa pamoja. Madawati yakaburuzwa, wa nyuma wakawakanyaga wa mbele, na kila mtu akawa anamwambia mwenzake anyamaze.

"Msisukumane! Ni vioo hivi!" Mwalimu Tone alipaza sauti, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kusubiri. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, nyundo ya mlinzi mkononi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

Aliingiza mkono kwenye majani makavu yaliyojazwa humo, akapapasa, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi ya kahawia. Alikifungua polepole, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga ili wageni wamwone uso. Ulikuwa mrija wa kioo, mwembamba, wenye mistari midogo midogo ya kupimia, na chini kabisa kulikuwa na bomba dogo la kufungua na kufunga.

"Bureti," msichana mmoja alinong'ona.

"Ina uzito," alisema Mwalimu Tone.

Alilisema hilo kwa mshangao wa kweli, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu bureti waliyoijua wao haikuwa na uzito wowote. Ilikuwa imechorwa ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyuma ya darasa, na ulijaa kuanzia pembe hadi pembe: bureti na kishikizio chake, chupa ya shingo nyembamba, mizani, taa ya kuchemshia, vyote vikubwa kuliko umbo lake halisi ili wa mbali naye aone. Aliyechora alikuwa kaka yake Mwalimu Tone, mwalimu wa sayansi kabla yake, ambaye wanafunzi walimbatiza Mwalimu Ukuta naye akaitika bila kinyongo. Zamani hizo ulikuwa umekuja waraka kwamba shule zisizo na maabara zifanye mtihani wa maelezo. Mwanafunzi aeleze kwa maneno kile ambacho angekiona, kama angekuwa na cha kutazama. Walimu wengine walishusha pumzi, kazi imepungua. Kaka yake alirudi nyumbani siku ile akashindwa kula.

"Siwezi kumfundisha mtu kuogelea kwa barua," alisema.

Alizunguka kwa mafundi akiomba rangi zilizobaki ndani ya mikebe, akafunga kitambaa kichwani, akachora likizo nzima. Penye bomba la bureti alipigilia kibao cha uzi wa kushonea, kile cha mviringo kinachobaki uzi ukiisha, ili mwanafunzi apate kitu cha kuzungusha. Na hivyo ndivyo walivyofanya majaribio yao. Mmoja anasimama ukutani, mkono wa kulia kwenye kibao cha uzi, wa kushoto unazungusha chupa tupu ya soda, na darasa zima linaimba kwa sauti ya chini: "Tone... tone... tone..." Mwalimu akishaona wamekolea, anasema, "Waridi hafifu!" na yule wa ukutani anazungusha kibao na kupaza sauti, "Nafunga!" Wote wanapiga meza.

Dada mtu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kukigusa kibao kile. Kaka yake alipofariki, yeye naye akiwa ameshahitimu ualimu, alirithi darasa hili hili, chaki na ule wimbo. Ndipo naye akapewa jina lake: Tone.

Sasa waraka mwingine ulikuwa umekuja na kuugeuza ule wa kwanza kama mtu anavyogeuza godoro. Mtihani wa maelezo umefutwa. Kuanzia muhula huu, majaribio ni ya kweli, kwa vifaa vya kweli, shule zote. Gari lilikuwa limefika asubuhi hiyo likiwa na masanduku, na juu ya kiti cha mbele alikuwa ameketi mkaguzi, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Nawapa asubuhi hii mvizoee vifaa," mkaguzi alikuwa amemwambia mlangoni. "Saa nane nachagua wanafunzi watatu, ninaowataka mimi. Wakipatia, masanduku yanabaki. Wakikosa, yanapanda gari hili hili nililokuja nalo, na mchepuo wa sayansi hapa unafungwa."

"Na watoto, Bwana Mkaguzi?"

"Watapangiwa masomo mengine."

"Mwaka wao wa mwisho huu?"

"Waraka haukutaja mwaka." Kisha akashusha sauti kidogo. "Mimi sikuuandika, Mwalimu. Mimi naubeba tu."

Kwa hiyo ilikuwa asubuhi moja. Lakini asubuhi iliyoje! Watoto walipanga bureti kwenye vishikizio huku wakigombania nani ashike wapi. Waliisoma karatasi ya maelekezo kwa sauti, watu wanne kwa wakati mmoja. Walimimina alkali ndani ya bureti, wakavuta asidi kwa pipeti na kuitia kwenye chupa, wakaongeza matone mawili ya dawa ile ya kubadili rangi. Mvulana mnene aliyeitwa Bonge, ambaye darasa la maelezo lilikuwa likimlaza usingizi kila siku, leo alikuwa amesimama wima kama askari wa gwaride.

"Mwalimu, yangu inadondoka! Mwalimu, njoo uone, inadondoka kweli!"

"Si ndiyo kazi yake, Bonge," alisema yule msichana aliyenong'ona mwanzo. Walimwita Wakili, kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulitetea au kulipinga. Tangu akiwa mdogo alikuwa akimsomea bibi yake vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, na kila alipoulizwa atakuwa nani, alijibu kwamba atakuwa yule anayeviandika.

"Haya, wanangu," alisema Mwalimu Tone. Yeye naye alikuwa na bureti yake mbele, kwenye meza ya mwalimu. "Pamoja."

"Tone... tone... tone..."

Ulikuwa wimbo ule ule, lakini sasa ulikuwa na maji ndani yake. Mwalimu Tone alisogea karibu na bureti yake. Chuoni alikosomea, waliwahi kuonyeshwa jaribio hili mara moja, wakiwa umati, naye alichokiona ni kisogo cha aliyesimama mbele yake. Alizungusha bomba, akatikisa chupa, akasubiri. Kitu kikapita ndani ya chupa, kama haya inayopita usoni mwa mtu, akaendelea. Rangi ikaja. Ikakolea. Akaendelea.

"Yangu imekuwa kama soda!" Bonge alishangilia.

"Bado, bado," alisema Wakili. "Haijafika."

Waliendelea wote. Rangi ikazidi kukolea mpaka ikakaribia zambarau, na hakuna aliyefunga. Wimbo ukaanza kuchoka. Kisha bureti moja ikakohoa na kutoa povu. Ikafuata nyingine. Bonge aliinama akachungulia yake kwa chini, jicho moja limefungwa.

"Mwalimu, imekwisha."

Ya mwalimu ilikuwa imekwisha pia.

Wakili aliichukua karatasi ya maelekezo, akaiweka karibu na uso. "Hapa wanasema itafika karibu na nusu ya mrija. Nusu, Mwalimu. Sisi tumemaliza wote. Basi ama karatasi inasema uongo, ama sisi ndio waongo."

"Inasemaje kuhusu rangi?"

"Waridi hafifu inayobaki."

"Na wewe ulikuwa ukisubiri nini?"

Wakili alimtazama kana kwamba anaulizwa jina lake. Aligeuka, akanyoosha kidole nyuma ya darasa. "Waridi hafifu. Si ile?"

Wote wakageuka. Ukutani, ndani ya chupa iliyochorwa, ilikuwapo rangi waliyoijua tangu siku ya kwanza: nyekundu nzito, nyekundu ya bati la paa, kwa sababu mkebe uliopatikana ulikuwa wa fundi aliyekuwa akipaka bati. Hakuna aliyewahi kuona waridi. Hakuna bustani ya waridi mtaa ule. Mtu akiwaambia waridi hafifu, walitazama ukuta, na ukuta ukawajibu.

Mwalimu Tone aliutazama ukuta, kisha chupa yake. Sio wao tu, hata yeye. Aliyasoma maneno yale kitabuni mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na kila mara macho yake yalikuwa yakiona bati.

"Leteni chupa nyingine," alisema. "Safi. Na ile karatasi nyeupe, niiweke chini yake."

Safari hii hakuimba mtu. Alijaza bureti upya, akafungua bomba hadi alkali ikakaribia nusu ya mrija, akalibana, akaanza kuachia moja moja. Walimzunguka hadi akahisi pumzi zao shingoni. Tone likaanguka, pakatokea wingu dogo lenye rangi, akatikisa, likapotea. Tone jingine, likachelewa kupotea. Akashika bomba kama mtu anayeshika bawa la kipepeo. Tone.

Halikupotea.

Ndani ya chupa palikuwa na kitu ambacho ungeweza kusema hakipo. Ungeinua chupa ukaitazama dirishani ungesema ni maji. Ukiiweka juu ya karatasi nyeupe, ilikuwa pale.

"Hii?" Bonge alisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Mwalimu, hii ni maji yaliyosuuza leso ya bibi harusi!"

Kicheko kilipasuka hadi chupa zikagongana. Mwalimu Tone alicheka pia, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na hakujua kama ni cheko tu.

"Ndiyo yenyewe. Mnaiona? Ndiyo yenyewe, wanangu! Kila mtu kwenye meza yake, upesi!"

Walikimbia. Lakini waliporudia, nusu ya darasa walipitiliza tena. Bonge alipitiliza. Wakili, ambaye hakuwa na desturi ya kukosea mara mbili, alipitiliza, akaweka chupa mezani kwa nguvu.

"Naiona ikija," alisema. "Naiona kabisa, halafu macho yanaruka yenyewe yanaenda kule ukutani kuuliza. Yanaambiwa bado. Mkono nao unasikiliza macho."

Mwalimu Tone alizitazama chupa za dawa. Kilichobaki kingetosha jaribio la mkaguzi na akiba kidogo. Nje kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimeshajikunja chini ya mlingoti.

Alitoka, akaenda kwa mlinzi, akarudi na msasa, ndoo ya maji na brashi ya kusugulia sakafu. Alipopita katikati ya madawati walielewa. Bonge alisimama mbele ya ukuta, kifua mbele, mikono imetanuka kidogo.

"Mwalimu, huu ni wa marehemu."

"Najua, mwanangu."

"Tuutundikie shuka basi. Tuufunike."

"Kitu kilichofunikwa ndicho mnachokichungulia zaidi. Nawafahamu."

Mwalimu Tone alimpita Bonge. Alisimama karibu na chupa ile nyekundu, kubwa kama kichwa cha mtu, na akamkumbuka kaka yake alivyokuwa siku ile ya kuimaliza: amerudi nyuma hatua chache, brashi mkononi, kichwa ameinamisha upande mmoja, matone ya rangi hadi kwenye kope. Dada mtu alikuwa amempelekea chai. "Imekolea mno," kaka alisema. "Likizo ijayo nitaipunguza." Likizo ikaja, pakawa na paa linalovuja. Miaka ikapita hivyo, ikaja nyingine, akawa na kikohozi. Nyingine akawa kitandani, na siku moja aliuliza kwa sauti isiyotoka vizuri kama watoto bado wanaimba.

Aliweka kiganja juu ya rangi. Ilikuwa na vinundu vidogo pale brashi iliporudi mara ya pili.

"Haya, kaka," alisema, si kwa sauti ya kusikika mbali. "Leo ndiyo likizo."

Akaanza kusugua. Msasa ulikwaruza, vumbi jekundu likamwagika kwenye viatu vyake. Alisugua kwa mikono miwili, bega zima likifanya kazi. Nyuma yake alisikia dawati linasogezwa. Wakili alikuwa amepanda juu yake na kipande cha msasa alichokichana. Kisha Bonge, bila kumtazama mtu, akachovya brashi kwenye ndoo. Ikawa zamu, ikawa fujo, ikawa shangwe, wakaanza kuimba "Tone... tone..." kwa mwendo wa kusugua, maji mekundu yakitiririka hadi sakafuni, mashati yakichafuka, hadi mkuu wa shule akaja mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka.

Rangi ilitoka tabaka kwa tabaka. Lakini ile ya ndani kabisa ilikuwa imekwisha kunywewa na chokaa, na hiyo haikutoka. Ilibaki doa lenye umbo la chupa, limepauka, la ajabu. Wakili aliruka kutoka juu ya dawati, akaichukua ile chupa ya mwalimu iliyokuwa bado mezani, imezibwa kwa kizibo, juu ya karatasi nyeupe, akaisogeza ukutani.

"Mwalimu," alisema. "Tazama."

Zilikuwa sawasawa.

Mkaguzi aliingia saa nane kamili na shati lake lisilo na kosa. Alitazama sakafu iliyolowa, akatazama watoto wenye madoa mekundu hadi viwikoni, akainua nyusi, lakini hakuuliza. Alipita kati ya madawati akiwa amefunga mikono nyuma. Alimgusa bega msichana wa dirishani aliyekuwa hasemi kamwe. Alimgusa Bonge, na darasa likavuta pumzi. Alimgusa Wakili.

"Kimya kabisa," alisema. "Nisisikie hata kunong'ona."

Hakuna aliyenong'ona, lakini midomo ilikuwa ikicheza. Tone, tone, tone. Mwalimu Tone alisimama karibu na mlango, mikono ameikunja kwapani. Alitaka kutazama watatu wote kwa pamoja na hakuweza kumtazama hata mmoja. Aliutazama ukuta.

Mkaguzi alizunguka meza. Alisimama nyuma ya Bonge, akaenda nyuma ya Wakili, akarudi. Kuna kitu kilimsumbua. Hatimaye alimwendea Mwalimu Tone na kumnong'oneza kando ya sikio.

"Mbona wote wanazungusha chupa kwa mkono wa kushoto? Na bomba kwa kulia? Vitabu vyote vinafundisha kinyume."

Mwalimu Tone alitazama. Ni kweli. Mikono mitatu ya kushoto, inazunguka kwa mwendo mmoja wa polepole, kiwiko kimebanwa ubavuni, kidole gumba kimenyooshwa juu ya shingo ya chupa. Alikijua kidole gumba kile. Hakuwahi kufikiri kwamba angekiona tena.

"Mwalimu wao wa kwanza alikuwa wa mashoto," alisema.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa hapa."

Mkaguzi alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akarudi mezani.

Yule msichana wa dirishani alifunga wa kwanza, bila neno. Bonge alikuwa ametokwa na jasho hadi kidevuni. Tone lake lilianguka, akatikisa, akasita. Shingo ilimgeuka kidogo kuelekea nyuma, ikatazama ukuta, ikarudi. Akafunga. Wakili ndiye aliyebaki. Alikuwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo. Aliachia tone moja. Likapotea. Aliachia nusu tone, akalichukua kwenye ncha ya bomba kwa kuligusisha na ukingo wa chupa, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

"Nafunga!" alipiga kelele, akajiziba mdomo.

Darasa lilipiga meza. Ilikuwa imeshazoeleka hivyo. Mikono ilitangulia akili. Mkaguzi aligeuka akiwa amekunja uso, na kwa muda mfupi kila mtu aliganda, viganja vikiwa bado juu ya mbao. Kisha akainama, akasoma bureti ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaisoma ya tatu, akavua miwani, akaifuta, akairudia ile ya Bonge.

"Hm," alisema. Akaandika.

Alisema majibu rasmi yatakuja kwa utaratibu wake, akampa mkono Mwalimu Tone, na mkono wake ukabaki na vumbi jekundu ambalo hakulifuta. Mlangoni alisimama, akatazama masanduku yaliyopangwa pembeni, matupu, misumari imetokeza meno.

"Hayo, mbao zake msizichome," alisema. "Zinafaa kwa rafu."

Gari liliwaka. Watoto walikuwa wamejazana madirishani, wamepandiana mabegani, hakuna anayepumua. Lilipita kwenye shimo la karibu na lango, na nyuma yake likarukaruka na kugonga mabati, kelele ile ya gari lisilo na mzigo.

Walipasuka. Walitoka nje kama maji ya bomba lililokatika, wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha, Bonge amembeba yule msichana asiyesema, naye anasema, anasema bila kukoma. Wakili alikuwa akikimbia kuelekea kwao, akiita jina la bibi yake toka mbali, kana kwamba bibi angeweza kusikia.

Mwalimu Tone alibaki kukusanya vifaa. Aliosha bureti moja moja, akazilaza kwenye kanga yake aliyoikunja. Chupa ya Wakili aliiacha mwisho. Aliiweka juu ya dawati la nyuma, karibu na ukuta, akavuta kiti akaketi.

Hakuna kitabu kilichomwambia hili. Rangi ile ilikuwa ikiondoka. Polepole sana, bila kuguswa na mtu, maji yalikuwa yakirudi kuwa maji, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoshindwa kujua kama bado anaiona au anaikumbuka. Nje walikuwa wakiimba. Alingoja hadi chupa ikawa nyeupe kabisa, kisha akainua macho.

Doa la ukutani lilikuwa palepale. Aliunyoosha mkono wa kushoto, akagusa kibao cha uzi, na kibao kikazunguka.